Herufi za Pwani Kutoka Kamukuywa

Kitale
9 Februari 2025

Kwa Mjomba Job,

Nakusalimu kutoka huku Kitale, ambako baridi ya asubuhi imekataa kwenda na vumbi la mchana limekubali kukaa nayo. Mimi ni mzima. Baba nilizungumza naye Jumapili. Yuko Tongaren, analalamikia mgongo na bei ya mbolea, kwa hivyo najua naye ni mzima. Natumaini wewe pia uko salama, na kwamba yule paka wako bado anakula vizuri kuliko majirani.

Utashangaa kupata barua enzi hizi. Lakini simu zangu huzipokei tangu tulipomzika Mama, na huo ni mwaka wa pili unakwisha. Ukipokea unauliza "nani?" halafu unakata. Barua huwezi kuikata. Nimeituma na gari la vifurushi, iachwe dukani kwa Phelista.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Unajua niliacha ile kazi ya kuchapisha kadi za harusi na matangazo ya mazishi. Nimekodi chumba changu mwenyewe juu ya duka la dawa za mifugo, nachora nembo na mabango. Nimepata mteja mkubwa wa kwanza, mtu anaitwa Kipkemei. Amechimba bwawa la kuogelea kando ya barabara ya Kapenguria, akamwaga malori sita ya mchanga, akasimamisha miavuli ya nyasi, na mahali hapo amepaita Pwani Ndogo. Anataka lango, menyu, taulo, kila kitu kiandikwe kwa herufi za ufukweni za zamani, zile za miaka ya sabini na themanini. Aliniambia, "Nataka mtu akiona hiyo maandishi asikie chumvi, bana." Yeye mwenyewe Mombasa ameenda mara moja, kwa semina ya sacco.

Nilimwonyesha fonti za kwenye kompyuta. Ziko mamia. Kuna nono zenye mistari ya jua linalozama tumboni, kuna zinazolala upande kama zimepigwa na upepo. Akazitazama zote, akasema, "Hizi si ni za kila chupa ya juisi?" Na ni kweli. Sisi wachoraji wote tunateka maji kisima kimoja. Ndipo nikakumbuka ule ukuta ulioandika wewe, wa Miami Beach Bar na Bucha.

Mwezi uliopita nilikuja Kamukuywa nikaupiga picha. Nilisimama pale nusu saa nzima. Kutoka hapo mpaka langoni kwako ni hatua mia mbili, na sikuja. Nakuambia mwenyewe ili usisikie kwa watu.

Kwenye ukuta nimepata M, I, A, B, E, C, H, R, N na U. Nimekosa P, W, D, O na G. W nitaipata nikipindua M. P nitaipata nikikata mguu wa R. Lakini O, D na G siwezi kuziiba popote. Naomba unichoree, Mjomba. Nasikia ploti ile imenunuliwa na ukuta utabomolewa mwaka huu huu. Na hii kazi nisipoiweza, sijui kama nina sababu ya kubaki na hiki chumba.

Mpwa wako,
Joan


Kamukuywa
3 Machi 2025

Mpwa wangu Joan,

Paka alikufa Desemba. Hakuugua. Alilala kwenye kiti changu akakataa kuamka, kwa hivyo salamu zako sijamfikishia. Mimi nipo. Shamba limelimwa, tunangoja mvua kama kila mtu. Kanisani wamenipa kazi ya kukaa karibu na mlango na kusalimia watu, kazi ambayo hata mlango ungeiweza. Derrick hajambo? Hukumtaja. Mwambie bwana wako kwamba yule jogoo niliyemwahidi bado anatembea.

Usishangae nimeandika kwa kalamu nono ya kuandikia magunia. Kalamu nyembamba zimeadimika huku.

Nilijua ulikuja. Phelista alikuona akanikimbilia hapa: "Mzee, si ni msichana ya Wilkista amesimama hapo Miami na kamera!" Nikaweka chai. Nikaosha vikombe viwili. Chai ilipoa, nikainywa hivyo hivyo, na sukari yote ya watu wawili.

Kuhusu herufi. Kwanza, usikate mguu wa R yangu. P si R iliyopata ajali, P ina kifua chake. Pili, M ukiipindua haiwi W, inakuwa M imelewa. Tatu, nimecheka peke yangu mpaka Phelista akaja kuangalia kuna nini. Joan, mimi niliandika ule ukuta mwaka wa 1984, na mpaka leo hii sijaona bahari. Tazama vizuri ule mnazi kando ya neno BEACH. Una mkungu wa ndizi. Nilikuwa najua migomba tu, nikachora mgomba mrefu, na kwa miaka arobaini hakuna mtu wa Kamukuywa aliyelalamika. Huyo Kipkemei wako akisikia chumvi pale, ni ya nyama choma.

Nne, sichori tena. Nimestaafu. Brashi nimezigawa. Iambie kompyuta yako ichore.

Mjomba wako,
Job Mukhisa


Kitale
16 Machi 2025

Mjomba,

Pole kwa paka. Nilimpenda kwa sababu alikuwa na dharau. Huku mvua imenyesha mara mbili, na mwenye nyumba amepandisha sauti badala ya kodi, nashukuru. Mambo mengine ni yale yale.

Ile chai imenikaa kooni. Sikujua. Nilifikiri hutaki kuniona.

Nimehesabu ule mkungu kwenye picha, una vichane vitatu. Kipkemei nimemwonyesha bila kusema kitu, akasema huo ndio mnazi wa kiasili kabisa.

Acha nikueleze ninavyofanya, labda utaona si mchezo. Naikuza picha kwenye kompyuta mpaka herufi moja inajaza kioo, kisha nafuata ukingo wake nukta kwa nukta. B yako peke yake imenichukua siku mbili, maana tumbo la chini limenona kuliko la juu na halinoni sawasawa. Sijawahi kukaa na mtu siku mbili nikimtazama tumbo namna hiyo. Na nimegundua kitu. Mstari wako haujanyooka. MIAMI inaanzia juu, BEACH yote inashuka, halafu BAR inainuka tena. Nikadhani ukuta umedidimia. Nikaenda kuangalia kile kinu cha posho ulichoandika Matulo, na ile saluni ya zamani Webuye. Zote zinashuka pale pale, katikati, halafu zinainuka. Fonti za ufukweni za kununua nazo zinapanda na kushuka, lakini zinarukaruka kwa mpango, kila herufi mruko wake. Yako inashuka polepole kama mtu anayekaa chini. Ulijifunza wapi? Ni mtindo wa kitabu gani?

Na nakuomba tena. O, D, G. Hata kwa mkaa. Hata kwenye gunia.

Joan


Kamukuywa
20 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Leo ni Pasaka. Nimetoka kanisani, nimesalimia watu mia moja na kitu, hakuna hata mmoja aliyekuja kula hapa. Mahindi yamefika kwenye goti. Phelista ameniletea sukuma wiki na mandazi manne. Derrick hajambo? Ni mara ya pili nauliza.

Nimechora. O, D, G, na nimeongeza P na W ili nisikusikie tena ukisema mambo ya kukata miguu. Nimetumia nyuma ya kalenda za mwaka jana, herufi moja kalenda moja, kwa mkono mzima kutoka begani. Herufi za ukutani hazitoki kwenye vidole. Nilichelewa kwa sababu ya shughuli.

Uliniuliza kuhusu mstari kushuka. Hayo ni mambo ya zamani. Wewe uache kama ulivyoukuta.

Job Mukhisa


Kitale
6 Mei 2025

Mjomba Job,

Salamu za mvua. Barabara ya hapa chini imekuwa mto, na watu wa bodaboda wanaivuka wakiimba. Baba anasema Desemba anataka kujengea kaburi la Mama, lipigwe saruji vizuri, maana udongo umeanza kuingia ndani. Mimi kifua kilinibana wiki mbili, sasa nimepoa.

Kalenda zimefika. Nilizitandaza sakafuni chumba kizima, nikavua viatu ili nisizikanyage, nikazizunguka tu. Asante. G ni nzuri ajabu. Lakini Mjomba, O haikufunga. Imeanza juu, ikazunguka vizuri, halafu mwisho umepita kando ya mwanzo, kama watu wawili waliokosana njiani. D nayo, mgongo uko huku na tumbo limeanzia mbali. Mwanzoni nilidhani ni mtindo. Halafu nikaona ulikuwa na haraka ya kunimaliza. Si kitu, nimezifunga mwenyewe kwenye kompyuta.

Jambo lingine. Kipkemei amepinga ule mstari. Anasema watu wanaopita kwa gari watadhani bango limeanguka upande mmoja. Kwa hivyo nimeunyosha. Herufi ni zako zote, nimezipanga tu kwenye mstari ulionyooka. Nakutumia karatasi ya mfano. Tafadhali itazame uniambie. Nataka sana kusikia utakachosema.

Joan


Kamukuywa
25 Mei 2025

Joan,

Mimi mzima. Phelista ananiambia umenyosha mstari. Rudisha.

Usimwachie huyo mtu wa mchanga auguse. Kama hataki mstari ule, hataki herufi zangu. Mwambie hivyo.

Ukutani wamepaka alama nyekundu ya kubomoa. Derrick yuko wapi?

Job


Kitale
8 Juni 2025

Mjomba,

Sina salamu ndefu leo, unisamehe.

Phelista anakuambia? Wewe macho huna? Nimekaa miezi minne na herufi zako, nakula nikizitazama. Nimekutumia karatasi kwa mikono yangu, na hukujisumbua hata kuikunjua. Umempa mwenye duka aitazame kwa niaba yako.

Basi na mimi niseme, maana nimelinyamazia sana. Umeandika kila ukuta kutoka Kamukuywa mpaka Matulo. Umeandika bucha, kinyozi, kinu, baa ambazo watu walipigania ndani. Lakini dada yako alipokufa, dada mmoja tu uliyekuwa naye, tulikuletea ubao wa msalaba uandike jina lake. Wilkista. Herufi nane. Ukasema mbele ya wazee, "Mimi siandiki." Hukutoa sababu. Ukakaa nyuma ya hema mpaka tukafunika kaburi, ukaenda zako. Nilirudi mjini asubuhi ile kuchapisha stika ya jina, nikaibandika mwenyewe, na mvua ya kwanza ikaibandua. Mama amelala pale hana jina, na mjomba wangu ni fundi wa herufi.

Sasa unanipigia kelele kuhusu mstari wa baa?

Siurudishi.

Joan


Kamukuywa
14 Septemba 2025

Mpwa wangu Joan, mtoto wa dada yangu,

Nakusalimu. Mvua imepungua. Mahindi yamekomaa na nyani wameanza kuyaonja kabla yangu. Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Si kwamba nilikuwa na hasira. Nilikuwa natafuta namna ya kuijibu bila kusema ninachokwenda kusema, na nimeikosa.

Uliuliza kama macho sina. Sina, Joan.

Yalianza mwaka wa 2021. Nilidhani taa za umeme zimefifia, nikawa nagombana na fundi wa umeme. Nilipokwenda Bungoma kwa daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Sasa naona mwanga wa mlango, na kivuli cha mtu akipita ndani yake. Ndiyo maana kanisani wameniweka pale. Barua zako ananisomea Phelista. Hizi zangu naandika mwenyewe. Naweka rula ya mbao chini ya mkono, nikifika mwisho wa mstari naishusha upana wa vidole viwili. Kalamu nyembamba hazijaadimika.

O niliichora mara kumi na moja. Nilikuwa nikizunguka vizuri, lakini mahali pa kurudia sikupaona.

Na msalaba. Kabla ya ule ubao mlioniletea, nilikuwa nimekata mbao zangu mwenyewe, nilipopata habari usiku ule wa kwanza. Nyuma ya choo changu, chini ya mabati, kuna misalaba mitatu. Wa kwanza jina lilipanda likatoka nje ya ubao. Wa pili herufi mbili zimekaliana. Wa tatu nilimwuliza Phelista kama unasomeka, akasema, "Iko sawa kabisa, Mzee," na Phelista hajui kudanganya, sauti ilimsaliti. Kesho yake mkaniletea wa nne mbele ya watu wote wa Tongaren. Ningesema nini? Kwamba fundi Mukhisa hawezi tena kuandika jina la dada yake? Niliona aibu, Joan. Nikaona heri mniite mwenye roho mbaya. Nilikosa. Nisamehe.

Sasa sikiliza habari ya mstari, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike barua ya watu wastaarabu leo.

Herufi za ukutani huanzishwa kwa uzi. Unapaka uzi chaki, mtu mmoja anashika huku, wa pili anashika kule, mnaukaza, unauvuta katikati na kuuachilia, pah, unabaki mstari mweupe ukutani. Uzi unataka watu wawili. Mwaka ule wa 1984 mtu wangu wa pili alikuwa mamako. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na aliacha kuchota maji ili aje kunisaidia. Ukuta wa Miami ni mrefu, na mimi nilikuwa mgumu, napima na kupima. "Wilki, kaza." "Nimekaza." "Wilki, inua mkono." "Mkono si wangu tena, Job, umekufa." Mkono ulichoka ukashuka. Uzi ukalegea tumbo. Mimi sikuangalia, nikaupiga. Niliandika kufuata mstari ule nikiwa nimebanana na ukuta juu ya ngazi, na niliposhuka nikarudi nyuma kutazama, nilitaka kulia. BEACH nzima imeshuka. Mamako akajificha kwa nyumba ya jirani.

Mwenye baa akaja, akasimama, akasema, "Aii! Mawimbi! Umejuaje?" Basi ikawa ndiyo sifa yangu. Kila mtu akataka maandishi ya Pwani ya Mukhisa. Tukazunguka wilaya nzima, yeye na mimi na uzi wetu, na sikumwambia tena akaze.

Aliolewa Tongaren 1992. Nilibaki na uzi wa mtu mmoja. Nikawa nafunga upande wake kwa msumari. Msumari hauchoki. Mistari ikanyooka, wateja wakaniuliza mawimbi yameenda wapi. Kwa hivyo nikaanza kuuinamisha mwenyewe, kwa makusudi, pale pale mkono wake ulipokuwa ukishuka. Nimeiga uchovu wa dada yangu miaka ishirini na tisa. Kinu cha Matulo niliandika na msumari. Saluni ya Webuye, msumari. Lakini Miami ilikuwa yeye mwenyewe. Kila Krismasi niliupaka upya ukuta ule nikifuata mstari ule ule, na sikuwahi kuupiga mwingine.

Uliponyosha, ulimtoa mamako. Hukujua, sikukuambia. Kosa ni langu.

Ukuta waliubomoa Julai. Nilikwenda mwenyewe kwa fimbo, nikanyosha mkono kuushika, mkono ukaenda, ukaenda. Nilisimama pale mpaka mtu akanirudisha. Sasa herufi zile za Miami hazipo mahali popote ila kwako.

Mjomba wako,
Job


Kitale
2 Oktoba 2025

Khocha,

Nimekuita mjomba kwa lugha ya nyumbani kwa sababu ndivyo Mama alivyonifundisha kukuita nikiwa mdogo, kabla sijaanza kujifanya mtu wa mjini.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimetia sahihi yangu kwenye lile neno, "macho huna," na siwezi kulifuta. Nisamehe wewe pia. Mwambie Phelista asome sehemu hii polepole: Khocha, ninalia. Halafu mwambie ajifanye hajasoma.

Derrick alihama Oktoba ya mwaka juzi, miezi sita baada ya mazishi. Yuko Nakuru na maisha mengine. Sikumwambia mtu, hata Baba. Kila ulipouliza niliruka mstari. Kwa hivyo huyo jogoo mle, au umpe Phelista.

Nilirudisha mstari jioni ile ile barua yako ilipofika. Nilikuwa nimehifadhi picha ya kwanza kwenye kompyuta, sikuifuta, hata sijui kwa nini. Nilizishusha herufi moja moja mpaka BEACH ikakaa ilipokuwa. Kisha nikaandika PWANI NDOGO kwa mteremko ule ule. O yako nimeifungua tena pia, nimeiacha wazi jinsi ilivyotoka mkononi mwako. Nikampelekea Kipkemei.

Alitazama sana. Si mtu mbaya. Akasema, "Madam, mimi nakuelewa, lakini si hii kitu imelegea?" Nikamwambia imelegea, na ndivyo itakavyokaa. Akaniomba mara tatu, na mara tatu nikakataa. Kazi amempa mtu wa Eldoret. Nilipita pale juzi. Herufi ni zile za chupa ya juisi, na zimenyooka. Bwawa lilikuwa na watoto watatu na mtu mmoja mzima aliyekaa kwenye mchanga na soksi.

Nilifikiri nitajuta. Nilirudi chumbani nikapika, nikala mbele ya kompyuta na zile herufi zimewaka. Ni upweke tu kama kila siku, lakini sikujuta. Chumba nitabaki nacho mpaka Desemba, mbele sijui.

Sasa nisikilize. Baba anajengea kaburi tarehe ishirini Desemba. Saruji ikiwa mbichi herufi hazihitaji macho, zinahitaji kidole. Herufi nane. L, K, S na T hazikuwa Miami, hakuna anayezijua kama wewe. Watu watashangaa kaburi kuandikwa kama baa. Waache washangae.

Nitakupitia asubuhi. Uweke chai ya watu wawili. Uzi nitakuja nao mimi.

Joan


Kamukuywa
4 Januari 2026

Mpwa wangu Joan,

Heri ya mwaka mpya. Nyumba ilinyamaza sana baada ya wewe kuondoka. Vile vikombe viwili bado viko mezani, sijavitoa. Phelista amenyonyoa jogoo na kuniletea paja. Anasema wewe umekonda na kwamba ukija tena atakulisha kwa nguvu. Amekwenda Tongaren juzi kwa mambo ya mbegu, akapitia kwa baba yako kuona. Anasema saruji imekauka bila ufa, na kila mtu anayepita pale anasoma jina kwa sauti.

Ile misalaba mitatu nimeichoma. Ulisoma wa tatu ukaniambia unasomeka. Wewe pia hujui kudanganya.

Kuna jambo sikukuambia siku ile, nikaona nikuandikie, maana mbele ya watu sauti ingenikatika.

Tulipoinama juu ya ile saruji, wewe ukiwa upande wa miguu na mimi upande wa kichwa, nilikuambia ushike uzi tuulaze, ubaki hapo mpaka nimalize kuandika. Nilianza W. Uzi ulikuwa umekaza kabisa. I, L, K. Nilikuwa naupapasa kwa mkono wa kushoto nikiandika kwa kidole cha kulia. Nilipofika kwenye I ya pili, uzi ulishuka kidogo. Ulikuwa umechuchumaa muda mrefu, jua lilikuwa kali, na mkono wako ulichoka. Ulidhani sijui. Nilisikia ukivuta pumzi ya kutaka kuuinua.

Ndipo nikakuuliza lile swali la kipumbavu, kama baba yako amewapa ng'ombe maji. Ukageuka kumtazama. Nikaandika S na T haraka, pale chini ulipouachia uzi. Kisha ukakumbuka, ukauinua mkono, na A ikapanda.

Unisamehe kwa kukuhadaa. Ningesema neno, ungekaza.

Miaka thelathini na tatu sijashikiwa uzi na mtu, Joan. Uzi ulivyolegea, nilimjua mara moja.

Khocha wako,
Job Mukhisa